Saa 72: je, mtoto wako angekuja kukuambia?

Mleta mada

Ndugu wazazi, walezi, na vijana mnaopita hapa,

Mimi ni mzazi wa vijana wawili, na kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya ushauri nasaha nikiwapokea watu wanaokuja kupima virusi vya Ukimwi. Mengi yanayoandikwa kuhusu wazazi na watoto wao katika jambo hili humweleza mzazi aseme nini. Naomba tuanzie mahali pengine, kwenye swali ambalo nimejiuliza mwenyewe mara nyingi: kijana wangu akipatwa na jambo la hatari usiku wa leo, je, mimi ni mtu ambaye angenijia kabla siku tatu hazijaisha?

Nimetaja siku tatu kwa sababu maalumu. Zipo dawa ambazo watoa huduma huziita PEP, ambazo hupewa mtu aliyekutana na hatari ya kuambukizwa, kwa mfano aliyebakwa, aliyepasukiwa na kondomu, au aliyechomwa na sindano iliyotumiwa na mwingine, ili virusi visipate nafasi ya kujikita mwilini mwake. Zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na afadhali ndani ya siku ile ile, kwa kuwa kila saa inayopita inapunguza uwezo wake. Kisha humezwa kila siku kwa siku 28. Saa 72 zikishapita, mtoa huduma hana tena dawa hiyo ya kukupa. Anakupima, anakupangia tarehe ya kurudi, na mnasubiri.

Nakumbuka msichana mmoja, ambaye baadhi ya maelezo yake nimeyabadilisha ili asitambulike, aliyeletwa na mama yake siku ya sita. Usiku ule ule wa tukio alikuwa amemweleza rafiki yake, na kesho yake akamweleza binamu yake, na wote wawili walimshauri anywe maji mengi na anyamaze. Mama yake muda wote alikuwa chumba cha pili. Nilipobaki na msichana peke yake nilimuuliza, bila kumlaumu, ni nini kilichomzuia kusema nyumbani. Akanijibu kwamba miezi mingi nyuma walikuwa wakitazama taarifa ya habari pamoja, ikatajwa habari ya mwanafunzi aliyepata mimba, na mama yake akasema: "Wangu akinifanyia hivyo, hapa asirudi." Mama mwenyewe alikuwa haikumbuki kauli hiyo. Alikuwa mtu mpole na mwenye mapenzi, aliyekwisha kukaa na binti yake mara mbili au tatu kumweleza kuhusu Ukimwi, na aliamini kwa dhati kwamba alikuwa ametimiza wajibu wake. Majibu ya vipimo vya binti yule ni yake mwenyewe, nami siyaandiki hapa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiamini kwamba mazungumzo ya kujikinga na VVU nyumbani hayafanyiki siku mzazi anapomwita kijana na kumwambia, "Kaa hapa, nina jambo." Yanafanyika katika kauli ndogo ndogo tunazozitoa kuhusu watoto wa watu wengine, huku watoto wetu wakitusikiliza na kupima kimya kimya ni adhabu gani inawangoja wao. Kijana anayesikia kila mara kwamba aliyeambukizwa "alijitakia" amekwisha kupata jibu la swali ambalo hajakuuliza.

Kuna tatizo la pili, nalo linatuhusu sisi wazazi wa umri wangu. Wengi wetu tulijifunza Ukimwi wakati ulipokuwa hukumu ya kifo, na picha tuliyobaki nayo ni ya mgonjwa aliyekonda kitandani. Ugonjwa huu ulitangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, kirusi chake kikagunduliwa mwaka 1983, lakini ilikuwa mpaka kufikia mwaka 1996 ndipo matibabu ya kuchanganya dawa kadhaa kwa pamoja yalipobadilisha mambo. Kijana wako hajawahi kuiona picha yako. Yeye huenda anasoma darasa moja na mwenzake anayemeza dawa kila siku na kucheza mpira vizuri kuliko yeye. Kwa hiyo unapomwambia kwamba Ukimwi utamuua mwaka huu au ujao, anayalinganisha maneno yako na anachokiona kwa macho yake, na kuanzia hapo hata lile la kweli utakalomwambia anaanza kulitilia shaka.

Ukweli wa sasa una uzito wa kutosha bila kuongezewa hofu. Kwa makadirio ya shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia Ukimwi, mwaka 2024 watu wapatao milioni 40.8 walikuwa wakiishi na VVU duniani, na wapatao milioni 1.3 waliambukizwa mwaka huo huo mmoja. Hakuna tiba ya kawaida inayoviondoa virusi mwilini. Dawa zinavifubaza, na zinamezwa maisha yote. Hayo kijana anaweza kuyaelewa, na anaweza kuyathibitisha mwenyewe akitaka.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi. Liko sentensi moja ambayo kila mzazi anapaswa kuisema kwa sauti, kwa maneno yake mwenyewe, na zaidi ya mara moja: "Likitokea jambo, hata kama umekosea, hata kama ulinidanganya ulipokuwa, njoo kwangu kwanza, tutaenda hospitali kwanza, na mengine tutayazungumza baadaye." Wengi wetu tunadhani watoto wanalijua hilo bila kuambiwa. Hawalijui.

Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa kwanza

Nakushukuru, mleta mada, kwa kulileta jambo hili kwa heshima. Hata hivyo, naomba nitofautiane nawe kidogo. Mimi ni baba na ni mtu wa imani, na nimewafundisha wanangu kwamba tendo la ndoa lina mahali pake. Ukimwambia kijana, "Ukikosea njoo tu," na ukamweleza habari za kondomu, je, hujampa ruhusa kwa mlango wa nyuma? Nina hofu kwamba tunatayarisha njia ya kosa kwa kisingizio cha kutayarisha njia ya kulirekebisha.

Mleta mada

Ndugu yangu, hofu yako naiheshimu, na sikuombi uyaache mafundisho yako. Kusubiri ni kinga halisi, na kijana ana haki ya kusikia kutoka kwa baba yake kwamba anatamani asubiri, na kwa sababu zipi. Kijana hubaki na maadili hayo vizuri zaidi anapoelezwa sababu kuliko anapopewa amri.

Lakini kuhusu ruhusa, jambo hili limechunguzwa. Shirika la UNESCO lilitoa mwongozo wa elimu ya jinsia mwaka 2009 na kuupitia upya mwaka 2018, na uchambuzi wa tafiti uliotumika ulionesha kwamba elimu hiyo haiwafanyi vijana waanze ngono mapema wala kuiongeza. Mwaka 2016 ulichapishwa pia uchambuzi uliokusanya tafiti zaidi ya 50, zenye vijana zaidi ya 25,000, ukaonesha kwamba vijana wanaozungumza na wazazi wao kuhusu mambo haya hutumia kinga zaidi, hasa wasichana, na hasa pale aliyezungumza nao alipokuwa mama. Hilo la mama, kwa maoni yangu, linatueleza kitu kuhusu akina baba: huenda bado hatujakaa na watoto hawa vya kutosha.

Zaidi ya hayo, tafadhali kumbuka kwamba si kila hatari hutokana na kosa la kijana. Aliyebakwa hakukosea. Ikiwa nyumbani kwake maneno yote kuhusu ngono yamefungwa pamoja na maneno ya dhambi na aibu, atajihesabu mkosaji na atanyamaza sawasawa na yule aliyekosea. Na katika ubakaji muda ni mfupi kwa mambo mengi kwa wakati mmoja: PEP ndani ya saa 72, dawa ya dharura ya kuzuia mimba ndani ya siku 5 na mapema zaidi kadiri iwezekanavyo, matibabu ya magonjwa mengine ya zinaa, na ushahidi ambao hupotea mtu akishaoga na kufua nguo.

Mchangiaji wa pili

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 17, na sijui kama natakiwa kuandika hapa, lakini mmekuwa mkituzungumzia sisi.

Nataka kueleza kinachotokea tunapouliza. Nilipokuwa na miaka 14 nilimuuliza mama kama mtu anaweza kuambukizwa kwa kubusiana. Hakunijibu. Aliniuliza, "Kwani wewe umembusu nani?" na jioni ile akaichukua simu yangu akaipekua. Hakukuwa na kitu, lakini sikumuuliza tena jambo lolote la aina hiyo, na mpaka leo jibu silijui kwa uhakika. Niliyojifunza nimeyapata kwa wenzangu: kwamba ukienda haja ndogo na kuoga mara baada ya tendo unakuwa salama, kwamba mara ya kwanza huwezi kuambukizwa, na kwamba mwenye virusi utamjua ukimtazama vizuri. Sijui lipi ni kweli.

Jambo jingine ni kwamba dada yangu huitwa na kuonywa kila mara. Mimi sijawahi kuitwa hata siku moja. Ni kana kwamba wavulana tunapaswa kujua wenyewe, au kana kwamba hatari ni yake peke yake na mimi sihusiki.

Mleta mada

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuandika, na naanza na swali ulilolingoja miaka mitatu. Mate hayaambukizi VVU, na kubusiana kwa kawaida hakuambukizi. Virusi hupita kwa damu, shahawa na majimaji yanayoitangulia, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Havipiti kwa jasho, machozi, kukumbatiana, kutumia choo kimoja, kula sahani moja, wala kuumwa na mbu.

Hayo mengine matatu uliyoambiwa yote si kweli. Kuoga na kwenda haja ndogo hakuondoi virusi vilivyokwisha kuingia. Mara ya kwanza inaweza kuambukiza sawa na mara ya kumi. Na kumtambua mtu kwa macho haiwezekani, kwa kuwa mwenye virusi anaweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote, na wengine hawajijui wenyewe.

Kuhusu kondomu, elewa kwamba nyingi zinazopasuka hupasuka kwa matumizi mabaya. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, usiikalie mfukoni miezi mizima kwa kuwa joto na msuguano huiharibu, usivae mbili kwa pamoja, na usipake mafuta ya kujipaka wala ya kupikia kwa sababu mafuta hudhoofisha mpira; vilainishi vya maji havina shida. Tohara ya kitabibu hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke, na hilo ndilo lililolifanya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza mwaka 2007 kwa maeneo yenye maambukizi mengi. Kupunguza si kuzuia, na haimkingi msichana moja kwa moja, kwa hiyo aliyetahiriwa bado anahitaji kondomu. Na ukienda kupima, jua kwamba kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, na mwili unaweza kuchukua wiki kadhaa hadi miezi 3 kuzitengeneza kiasi cha kuonekana. Kupima kesho yake na kukuta hakuna kitu hakukuambii lolote kuhusu jana.

Kuhusu dada yako, umeona jambo ambalo wazazi wengi hawalioni. Ni kweli kwamba maumbile ya msichana mdogo humweka katika hatari kubwa zaidi, na ni kweli kwamba mara nyingi anayemwambukiza ni mwanaume aliyemzidi umri, mwenye fedha, ambaye ni vigumu kumwambia "vaa kondomu." Lakini ukimwonya msichana peke yake unamwachia yeye mzigo wa kukataa, huku mvulana akikua bila kuambiwa kwamba kuuliza, kusikia "hapana" na kuondoka ni wajibu wake. Mzazi anayetaka kumlinda binti yake anapaswa kumwita na mwanawe wa kiume mezani.

Na kwa wazazi: mama wa kijana huyu alikuwa na nafasi nzuri kuliko zote, kwa sababu mtoto ndiye aliyeanza. Swali la kijana linapokujia, jambo la kwanza ni kulijibu. Ukitaka kujua limetokea wapi, uliza baadaye, na uulize hivi: "Nyinyi huko mnasikia nini kuhusu jambo hili?" Ukiuliza "umefanya na nani," umelifunga zungumzo kwa miaka mitatu, kama tulivyosoma hapa.

Mchangiaji wa tatu

Mleta mada, maandishi yako ni mazuri, lakini yamenichoma mahali fulani. Umeandika kana kwamba kila kijana anayesoma hapa hana virusi na kazi yetu ni kumwepusha navyo. Mimi ninaishi na VVU, na mwanangu alizaliwa navyo. Sisi nasi tunazungumza kuhusu kujikinga nyumbani kwetu.

Kwa miaka mingi nilimwambia dawa zile ni za kifua. Alipofika miaka 11 alianza kuzificha chini ya godoro. Nilipozikuta, alinitazama akasema, "Kifua hakiniumi tangu nizaliwe." Nikafahamu kwamba alikuwa anajua, au alikuwa anakaribia kujua, na kwamba kilichokuwa kikimsumbua zaidi ni kunisikia nikidanganya. Nilimwambia siku ile, vibaya, huku nikilia, na yeye ndiye aliyenipa kitambaa. Aliuliza mambo mawili tu: kama atakufa, na kama ni mimi niliyempa. La kwanza nilimjibu upesi kwamba akimeza dawa ataishi na kuzeeka. La pili lilinichukua muda, lakini nilimjibu ndiyo.

Sasa ana miaka 15 na wingi wa virusi vyake hauonekani kwenye kipimo. Shuleni huwasikia wenzake wakisema mtu mwenye virusi ni wa kukimbiwa, na walimu na wazazi wanaowaonya watoto wao wanatumia mtu kama yeye kuwa mfano wa kutisha. Naomba mnapowafundisha wenu kujikinga, msiwafundishe kumwogopa wangu.

Mleta mada

Mama, umenisahihisha, na nakubali. Niliandika kwa kumfikiria mtoto mmoja nikawasahau wengine.

Uliyoyapitia yanaeleza kwa nini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, lilishauri mtoto anayeishi na VVU aelezwe hali yake akiwa umri wa shule ya msingi, kwa hatua, kadiri akili yake inavyopanuka, badala ya kusubiri abalehe. Mtoto asiyejua kwa nini anameza dawa ataziacha siku atakapochoka.

Naomba pia niseme waziwazi kwa wote wanaosoma, kwa sababu jambo hili halijafika nyumbani mwetu ingawa ni habari muhimu mno. Mtu anayemeza dawa vizuri, akafikia hali ambayo virusi havionekani kwenye kipimo na akaidumisha, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Hilo lilifuatiliwa kwa miaka kadhaa kwa wenza ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 na mwaka 2019 hayakuonesha hata maambukizi mamoja yaliyotoka kwa mwenza mwenye virusi vilivyofubazwa. Mama mjamzito vilevile: bila huduma yoyote uwezekano wa kumwambukiza mtoto ni kati ya asilimia 15 na 45, na kwa dawa hushuka chini ya asilimia 5. Kijana akiyajua haya, kupima hakutakuwa tena kitu cha kukikimbia, na mwenzake anayemeza dawa hatakuwa tena kitu cha kuogopwa. Kuwatisha watoto wetu kwa kumtumia mtoto wako ni kuwadhuru wote wawili, kwa kuwa anayeogopa kufanana na yule anayesemwa vibaya hataenda kupima.

Mchangiaji wa nne

Nimewasoma wote. Mimi ni baba ninayemlea binti wa miaka 15 peke yangu. Yote mliyoyaandika nayakubali, lakini nikikaa naye ulimi unakuwa mzito, naye anatazama sakafu. Nianze na neno gani?

Mleta mada

Ndugu, usikae naye. Namaanisha msikae mkitazamana. Zungumzeni mnapotembea, mnapofua, mnapoosha vyombo, pale ambapo mikono ina kazi na macho yana pa kutazama. Na isizidi dakika tano. Mazungumzo kumi ya dakika tano katika mwaka yatamfaa kuliko saa nzima ya siku moja, ambayo nyote wawili mtaiepuka kuirudia. Mwambie pia ukweli kwamba unaona haya. Atajua kwamba haya haimzuii mtu kuzungumza. Na kama yupo mwanamke mnayemwamini nyote wawili, mwombe binti yako ruhusa ya kumshirikisha, bila wewe kujitoa.

Lakini kabla ya neno lolote, nakupa kazi moja. Kesho wasiliana na kituo cha afya kilicho karibu nawe, uulize: PEP mnazo? Usiku na mwisho wa juma anayezitoa ni nani? Kijana wa chini ya miaka 18 akija peke yake mnampokeaje? Ukipata majibu, mwambie binti yako kwamba uliuliza, na kwa nini uliuliza.

Mchangiaji wa nne

Narudi kutoa taarifa. Nilikwenda mwenyewe, nikauliza, nikajibiwa. PEP wanazo usiku na mchana, na usiku unaingilia mlango wa dharura na kumwomba muuguzi wa zamu. Jana jioni tukianua nguo nilimweleza binti yangu kama ulivyosema, na nikamwambia kwamba likitokea lolote, hospitali kwanza. Alinyamaza muda mrefu akikunja shuka moja. Kisha akaniuliza kama ni lazima mtu aende na mzazi wake, au rafiki yake anaweza kusindikizwa na mimi.

Nikamwambia nitamsindikiza.